Shughuli ya Binti Yetu

Mzee Chogo alisimama kuzungumza kwenye arobaini ya Bi Mwavita kabla hata hajaombwa. Ndivyo alivyo. Tangu nikiwa msichana pale Maili Moja, Kibaha, sijawahi kuona kipaza sauti kikiwashwa mbele yake akakiacha salama. Sasa amezeeka, anatembelea fimbo, na ilibidi ashikwe mkono mpaka kwenye kiti cha mbele, lakini sauti ni ile ile ya kuongoza kamati za harusi. "Marehemu alikuwa mama wa haki," akasema, "na sisi watu wa Kibaha hatukumwacha peke yake. Tulichanga kwa hali na mali mpaka kesi ya binti yake ikafika Mahakama Kuu." Watu wa Kisarawe waliojaa uani, wengi wao vijana wasiojua lolote, wakaitikia. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, sahani ya pilau mapajani, na tonge likanigomea mdomoni. Ningependa kusema nilishikwa na huzuni ya marehemu, maana nilimpenda. Haikuwa huzuni. Nilimdharau mzee yule kwa moyo wangu wote, na nikagundua kwamba dharau niliyokuwa nayo mwaka ule imekaa ndani yangu miaka ishirini na ushee bila kuchuja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mchapaji kwenye stesheneri moja nyuma ya stendi. Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda na nusu. Kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, printa iliyopenda kutafuna karatasi, mashine ya fotokopi, na kabati la kadi. Kadi ndizo zilizotulisha. Kibaha watu walikuwa wanaoana kila Jumamosi, na kabla ya harusi kuna kamati, na kamati haiwezi kuombea fedha hewani, lazima iwe na kadi za mchango, zile zenye maua ya waridi pembeni na pete mbili juu. Maneno yalikuwa yale yale: familia ya fulani ina furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha shughuli hii. Niliweza kuyachapa huku nakula. Mzee Chogo alikuwa mteja wetu mkubwa kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa karibu kila kamati mjini, mtu wa kuitwa Mwenyekiti hata anaponunua nyanya, na kuku wa kamati zake zote walitoka kwenye mabanda ya rafiki yake mmoja huko Pangani, Pangani yetu ya Kibaha, siyo ile ya Tanga. Wafanyakazi wa mabanda yale walimwita mwenye mali Bosi, nami nitaliacha jina lake hapo hapo.

Sikudhani alikuwa mmoja wa wafanyakazi hao. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa Bi Mwavita wa Kisarawe, kaja kuokota mayai, kapanga chumba kinachopakana na changu. Bosi alimbaka ndani ya stoo ya chakula cha kuku, mchana, siku ya kazi. Ninalitumia neno lenyewe kwa sababu mwaka mzima ule sikusikia watu kumi wakilitamka. Walisema lile jambo, yale mambo, ile ajali ya Sikudhani. Mimi ndiye niliyemsindikiza kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, anajitahidi ganda lote litoke bila kukatika, na muda wote Sikudhani alipokuwa akieleza, macho ya askari yalikuwa kwenye ganda. Lilipokatika karibu na mwisho, akasonya. Mimi mjinga nilidhani anamsonya Bosi. Kisha akauliza, "Kwani wewe stoo ulifuata nini?" Sikudhani akamjibu kwamba alifuata chakula cha kuku, ndiyo kazi aliyoajiriwa. "Sasa si mngeyamaliza tu huko huko kazini?" akasema, akatupatia PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, kwa mkono wenye maji ya chungwa. Daktari aliijaza vizuri, tukairudisha kituoni, nayo ikapotea humo humo. Tukaanza safari za kuulizia. Upelelezi haujakamilika. Mpelelezi yuko likizo. Jalada liko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina. Mwishowe ikaja barua ya mistari mitatu kwamba ushahidi hautoshi na jalada limefungwa. Bosi aliendelea kupeleka kuku kwenye harusi.

Aliyetuonyesha njia alikuwa wakili mmoja mwanamke kutoka Dar es Salaam, aliyekuja Kibaha kwa kesi za viwanja na kutoa kopi zake kwetu. Siku moja, mashine ikipata moto tukiisubiri ipoe, nilimwonyesha ile barua. Aliisoma mara mbili, akaweka chini chupa ya soda. "Hii inapingika," akasema. Mahakama Kuu ingeweza kuwataka waeleze kwa nini wamefunga jalada, na ingeweza kuwaamuru walifungue. Lakini ombi lilipaswa kuingia ndani ya miezi sita tangu tarehe ya barua, na bila kiapo cha daktari lisingekuwa na uzito, kwa kuwa fomu haipo. Daktari alikuwa ameshahamishiwa Songea. Wakili hakutaka malipo yake mwenyewe. Alitaka ada za mahakama na gharama ya kwenda Songea na kurudi, ili daktari aape kwamba fomu ile aliijaza na aeleze alichokiona. Tulikuwa tumebakiwa na miezi miwili. Fedha yenyewe ilikuwa kama ya bia zinazonywewa kwenye harusi moja ya Mzee Chogo, na sisi hatukuwa nayo.

Tukaunda kamati ya watu watatu, iliyokutana Pangani, sebuleni kwa Mama Aikande. Yeye alikuwa mjane wa Kilimanjaro, mzee wa kanisa, muuza maziwa, na Sikudhani alikuwa akimpelekea mayai kila Jumamosi. Makochi yake yalikuwa na vitambaa vyeupe ambavyo hukuruhusiwa kuviegemea, kwa hiyo tulifanya vikao vyote tukiwa tumekaa wima kama tunapigwa picha. Kila kikao kilianza kwa mtori. Bi Mwavita, aliyekuwa akitoka Kisarawe na mafurushi ya muhogo na korosho, hakuupenda mtori hata siku moja, lakini aliumaliza wote kwa adabu, halafu anauliza, "Mwenzangu, ndizi hizi ziliwakosea nini mpaka mkaziponda hivi?" Mama Aikande hucheka mpaka anavua miwani. Ukiwasikia kutoka nje ungedhani ni wanawake wawili wanaopanga sherehe. Nimekaa kwenye vikao vingi tangu wakati huo, vyenye viyoyozi na maji ya chupa, na sijaona tena watu wawili wanaotofautiana chakula, dini na kabila wakielewana haraka namna ile.

Tulianza kwa kusema ukweli, na ukweli haukutupatia chochote. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema mambo ya mahakama yeye anayaogopa, yeye ambaye kila mwezi alikuwa mahakamani akigombea mpaka wa kiwanja. Wazee wa kanisani waliahidi kutuweka kwenye maombi. Shirika moja lilituita kwenye semina ya siku mbili, likatulisha sambusa, likatupa fulana zenye maandishi ya kupinga ukatili, na tulipouliza nauli ya Songea tukaambiwa haimo kwenye bajeti, labda tuandike andiko la mradi. Ile fulana nilideki nayo miaka mitatu. Mzee Chogo alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma. "Mwanangu Nai," akasema, "mtu akikosea anaitwa na wazee, anakanywa, yanakwisha. Bosi ana familia." Nikamwambia hata Sikudhani ana familia. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kwamba ni mgonjwa. Baada ya mwezi mzima wa kuzunguka tulikuwa na fedha ya kumfikisha wakili Chalinze.

Ndipo Mama Aikande alipokuja stesheneri na ndoo yake ya maziwa. "Nai, tuchape kadi. Watu wa hapa bila kadi hawatoi." Nikamuuliza tuandike nini. "Andika mchango wa shughuli ya binti yetu. Lile neno lenyewe tusiliweke, watu hawalipokei." Kwake yeye shughuli ilikuwa shughuli, jambo lililopo mkononi ambalo mtu analihangaikia. Mimi nimekulia Pwani, nilijua fika kwamba huku ukisema shughuli umesema ngoma, pilau na sare. Nilipaswa kumwambia. Sikumwambia, na siyo kwa ujanja, kwa sababu sikufikiri. Vidole vilishazoea. Nilichukua kadi zilizokuwa kabatini, za waridi na pete, kwa kuwa za aina nyingine hazikuwepo. Kadi ina nafasi ya jina la mwenyekiti, nikajaza Mama Aikande. Ina nafasi ya siku na mahali, nikajaza Jumamosi ya mwisho kabla muda wetu haujaisha, saa nane mchana, nyumbani kwa Bi Mwavita, Kisarawe, nikiwa na maana ya kikao cha kufunga michango. Nilizipuliza wino ukauke, nikazifunga kwa mpira. Niliona nimefanya kazi safi.

Fedha zikaanza kuingia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule mwoga wa mahakama, alileta bahasha siku ya pili. Wazee wa kanisani walichanga kwa jumuiya. Niliamini mji umejuta. Jioni moja niliwaza hata kuwaandikia barua ya shukrani. Kisha akaja fundi cherehani wa mtaa wa pili, akaegemea kaunta. "Dada Nai, niambie mapema, sare ni rangi gani? Maana mkichelewa nitajaa oda." Nikamuuliza sare ya nini. "Ya shughuli ya Aikande! Kumbe mwenzetu kampata mchumba Kisarawe. Mchaga kwa Mzaramo, eti mahari italipwa kwa muhogo." Aikande, binti pekee wa Mama Aikande, alikuwa chuoni Iringa, hana habari kwamba anaolewa. Nikiwa bado nimeduwaa akaingia Mzee Chogo na bahasha nene kuliko zote tulizopata. "Mwambie Mama Aikande amenivunja moyo," akasema. "Binti anaolewa na mimi simo kwenye kamati! Angalau niwekwe meza kuu." Ningeweza kumwambia palepale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema, "Ahsante, Mwenyekiti." Ninapowadharau watu wa mwaka ule sijitoi, na ahsante ile naikumbuka.

Kikao kilichofuata mtori ulipoa. Mama Aikande alijifunika uso kwa mtandio. "Yesu wangu, nimewaibia watu. Turudishe yote kesho." Bi Mwavita aliishika kadi, akaniomba nimsomee tena, neno kwa neno, mpaka kwenye hali na mali. Akaanza kucheka. Alicheka akajishika mbavu, machozi yakamtoka, halafu kicheko kikakoma na machozi yakaendelea. "Mwanangu alipobakwa walikosa hata nauli ya kuvuka Chalinze," akasema. "Wakasikia pilau, wamepata." Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali alipopenda kukaa tangu yale yampate, na miezi kadhaa tulikuwa tumezoea kuzungumza mbele yake kama vile hayupo. Alisema taratibu, "Mama, shughuli si ina mwali? Nitakaa mimi. Wekeni fedha zote mbele yangu, anayetaka yake aje aichukue." Mama Aikande akasema wakizichukua zote je, na siku zimekwisha? "Basi nitajua wameniona wakachukua," akasema Sikudhani. Nilimtazama mama yake, nikidhani atakataa. Bi Mwavita aliinua bakuli la mtori uliopoa, akaumaliza.

Walikuja wote. Walifika Kisarawe na viatu vya kung'aa, vitenge vipya, nywele zimesukwa juzi, wakatafuta turubai na muziki wasivione. Uani kulikuwa na mikeka, na chakula kilikuwa muhogo wa nazi na chai ya tangawizi, walichokila huku wakinong'ona kwamba Mama Aikande kabana mno. Nilipita na birika nikiwasikia. Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, "Labda pilau iko ndani, hii ni ya kutusubirisha." Kisha mlango ukafunguliwa akatoka Sikudhani na khanga mpya, akaketi kwenye mkeka wa katikati, miguu kainyoosha kama anavyoketishwa mwali. Mama yake akamwekea mbele sufuria lenye mkono mmoja uliong'oka, na ndani yake bahasha zote na jina la kila mtu juu yake. Huku kwetu mwali akishakaa hivyo, watu huja mmoja mmoja, wanainama, wanamtunza. Baadhi walishaanza kutafuta noti.

"Mimi ndiye binti," Sikudhani akasema. Sauti haikuwa kubwa. "Siolewi. Nilibakwa na Bosi kule Pangani, kwenye stoo ya kuku, na polisi wamefunga jalada langu. Shughuli yenyewe ni hiyo kesi. Kuna mtu lazima aende Songea keshokutwa. Aliyechanga akidhani ni harusi, fedha yake iko humu, aje achukue." Nilimsikia mtu akiacha kutafuna. Mama Aikande akasimama, akasema kosa la kadi ni lake na anaomba radhi, lakini lililotendeka stoo siyo kosa la binti aliyekaa kwenye ule mkeka. Mzee Chogo naye akasimama. "Mimi nilichangia harusi," akasema kwa sauti ya kipaza sauti, ingawa hakikuwepo. "Sikuchangia aibu." Bi Mwavita akamuuliza, "Aibu ya nani, Mwenyekiti?" Mzee Chogo akampita. Alikwenda kwenye mkeka, akakunja suruali yake nzuri isipate vumbi, akapiga magoti mawili mbele ya Sikudhani, akapekua sufuria. Alipopata bahasha yake aliifungua, akalamba kidole, akahesabu noti moja moja hapo hapo, kwa kuwa hakutuamini. Sikudhani alikuwa akimtazama usoni, na uso wa mzee ulikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Hakuinua macho hata mara moja.

Watu wengine saba walimfuata. Waliobaki hawakwenda, na sitawapamba. Wachache, hasa wanawake wa Kisarawe waliokuja kupika tu, waliongeza chochote walichokuwa wamekifunga kwenye ncha ya khanga. Wengine wengi waliona haya ya kuonekana wameinama kuchukua, basi. Wangeachiwa gizani wangechukua zote, pamoja na sufuria. Zamani nilikuwa nawaza kama fedha iliyoachwa kwa haya ina baraka. Siwazi tena. Nilizipeleka kwa wakili Jumapili, na Jumatatu asubuhi alipanda basi la Songea. Daktari aliapa. Ombi liliingia ikiwa imebaki siku moja. Mahakama Kuu iliamuru jalada lifunguliwe, na mwaka uliofuata Bosi alisomewa hukumu, akashushwa kizimbani na kupelekwa jela. Wiki hiyo hiyo Mzee Chogo alipata mtu mwingine wa kuku, na haikuchukua muda nikamsikia sokoni akimweleza mtu jinsi sisi watu wa Kibaha tulivyochanga.

Ndiyo hadithi aliyoileta kwenye arobaini, ikiwa imenona kwa miaka yote hiyo. Alipomaliza hotuba watu walianza kwenda kutoa ubani kwa wafiwa. Sikudhani, ambaye sasa ana mabanda yake mwenyewe ya kuku hapo Kisarawe na watoto wanaomzidi kimo, alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, miguu kainyoosha kwa sababu ya uvimbe. Sikuwa nimeangalia kilichokuwa mbele yake. Mzee Chogo alifika na fimbo yake, akanyoosha bahasha kutoka juu. "Mchango wangu wa shughuli, mwanangu."

Sikudhani hakuinua mkono. Akaonyesha kwa kidevu sufuria lenye mkono mmoja uliong'oka, lililokuwa chini mkekani, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakalitazama.

"Weka humo, Mzee."

"Magoti, mwanangu. Siku hizi hayakunjiki."

"Siku ile yalikunjika," akasema Sikudhani, akaendelea kumtazama usoni.